Nimetajwa mara 47, nikaenda kusoma nimetajwa kwa lipi

Saa nne usiku, nishafunika laptopu, simu ikatoa kale kamlio ka imeili. Google Scholar, ile huduma inayofuatilia nani amekutaja kwenye pepa za utafiti. Pepa yako imetajwa. Kutoka 46 kwenda 47.

Huwa sifungui. Ngoja niseme ukweli tu, miaka yote alerti zikija naangalia namba, natabasamu, nalala. Ila safari hii kichwa cha hiyo pepa mpya kilikuwa karibu sana na kitu ninachoandika mwenyewe sasa hivi, nikasema hebu nione wenzangu wamefika wapi. Nikafungua PDF, nikatafuta jina langu. Lipo ukurasa wa pili, limebanwa kwenye mabano katikati ya wenzake sita: [28–34]. Mimi ni 31. Na sentensi inasema sensa za bei nafuu za kupima unyevu wa udongo zimethibitishwa kuwa za kuaminika kwa matumizi ya muda mrefu.

Pepa yangu inasema kinyume.

Tena sio kinyume cha kutafuta kwa tochi. Tulizifukia zile sensa, zikasoma vizuri wiki za mwanzo, halafu zikaanza kuhama taratibu kadiri chumvi ilivyokuwa inapanda kwenye udongo, mpaka mwisho zinakwambia udongo umelowa wakati ukiushika mkononi ni vumbi linapeperuka. Hiyo iko kwenye muhtasari, sentensi ya tatu, hata kulipia huhitaji kulipia.

Nikaangalia tena profaili yangu. 47, iko palepale.

Fomu

Ingekuwa wakati mwingine ningeguna nikaenda kulala. Ila wiki hiyohiyo nilikuwa najaza fomu ya kuomba kupandishwa cheo, na ile fomu wanaoijua wanaijua: idadi ya machapisho, jumla ya saitesheni (mara ulizotajwa), h-indeksi, impakti fakta ya kila jarida. Viboksi vya namba. Hakuna kiboksi cha kuandika mlikuta nini.

Kwa hiyo ile 47 ilishajumlishwa pale. Kwa kalamu.

Na h yangu ni 6. Kwa ambao hamjawahi kuhesabu (mna bahati), panga pepa zako kuanzia iliyotajwa sana kushuka chini. Zangu ni 47, 19, 12, 9, 8, 7, 5, halafu zinazobaki ni aibu tupu. Ya sita imetajwa mara 7, inatosha, ya saba imetajwa mara 5, haitoshi, basi h ni 6. Hii kitu aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kwenye pepa fupi tu, na humohumo akaandika kwamba kwenye fizikia h ya kama 12 inaweza kumtosha mtu kupata ajira ya kudumu na 18 akawa profesa kamili. Alisema kwenye fizikia. Na akatahadharisha kwamba namba moja haiwezi kumweleza mtu mzima. Fomu zikachukua namba, tahadhari zikaachwa kwenye pepa. Miaka 15 baadaye mwenyewe anasema hadharani kwamba kipimo chake kinaweza kufeli vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Too late, mzee, sisi tushajaza.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu hii: ile saitesheni ya uongo haikuniongezea h hata kidogo. Pepa ya kwanza ikitajwa mara 47 au mara 4,700, h ni ileile 6. Kwa hiyo nilikuwa nabeba uongo ambao hata faida yenyewe sina.

Nikaamua kuzisoma zote

Sijui niliamua lini hasa. Nadhani nilikosa usingizi tu. Nikafungua eksel, safu nne: nani, ukurasa gani, sentensi yenyewe, alinisoma au hakunisoma. Hiyo ya mwisho niliijaza kwa kukisia, sitaki kudanganya.

Jioni tatu zikawa wiki tatu. Nne sikuzipata kabisa, zimefungiwa nyuma ya malipo na nilishaona haya kuwasumbua watu kuomba nakala ili tu nikajisome mwenyewe ndani. Zikabaki 43.

Tano ni sisi wenyewe. Mimi na wenzangu niliochapisha nao, tunajitaja kwenye kazi zinazofuata. Zingine zinastahili kabisa, huwezi kuendeleza kazi bila kusema ilianzia wapi. Moja hapana, na naikumbuka vizuri kwa sababu niliiweka mimi.

Zaidi ya nusu ni vifurushi. Yaani ule utangulizi wa "tafiti nyingi zimefanyika kuhusu sensa" halafu mabano yamejaa namba kama abiria waliosimama. Humo ndani ungeniondoa ukaweka mtu yeyote, sentensi isingetikisika. Mbili zinasema kinyume cha nilichosema, ile ya alerti na nyingine ya zamani ambayo sikuwahi kuiona. Moja imenitaja kwa kazi ambayo sijawahi kuifanya, nadhani walitaka namba ya jirani yangu kwenye orodha wakateleza.

Waliosoma kweli nawahesabu 6.

Kati ya hao sita yupo mmoja, mwanafunzi kwa jinsi nilivyoelewa, ambaye alichukua data zetu tulizoziweka wazi, akarudia mchoro wa tatu, akakuta tumekosea kipimo cha joto kwenye siku kumi na moja. Ameandika aya nzima. Kwa heshima kabisa. Niliisoma nikatoka jasho, nikarudi kwenye mafaili yangu, na kweli, tumekosea, haibadilishi hitimisho ila tumekosea. Mtu wa kwanza kuisoma ile kazi kwa makini kuliko hata mimi mwenyewe.

Kwenye fomu yeye ni 1. Na yule aliyenigeuza maneno ni 1.

Mwaka ambao haukuwepo

Kuna kitu nilikuwa nakiona kwa pembeni nikadhani macho yamechoka. Pepa yetu ilitoka 2016. Kwenye orodha za marejeo za watu tisa imeandikwa 2015.

Mmoja kukosea sawa, vidole vinateleza. Tisa wote wateleze palepale?

Nikazipanga kwa tarehe. Wa kwanza kuandika 2015 ni pepa moja ya mapitio, zile pepa zinazokusanya kazi za watu wote wa eneo fulani, imetajwa sana kuliko sisi wote tulio ndani yake. Na wanane wanaofuata, karibu wote wameitaja na hiyo pepa ya mapitio pia. Picha ikaja yenyewe. Hawakuja kwangu. Walienda kwa yule, wakachukua sentensi yake kuhusu mimi, wakachukua na kosa lake.

Nikadhani nimegundua kitu kipya, kumbe wenzangu walishalala nalo zamani. Mwaka 2003 Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury walifanya hesabu hii hasa, wakafuatilia makosa ya uandishi kwenye marejeo, namba ya juzuu iliyokosewa, ukurasa uliokosewa, yanavyorudiwa kutoka orodha moja kwenda nyingine kama mtihani uliovuja, majibu yanafanana mpaka kosa. Makadirio yao yakawa kwamba wanaotaja kazi wakiwa wameisoma yenyewe ni kama asilimia 20. Watu wameyabishia makadirio hayo, na mimi naona kunakili marejeo hakumaanishi lazima hujasoma, unaweza kusoma halafu ukaona uvivu kuandika. Lakini nina tisa zangu hapa mbele yangu.

Pepa hewa

Mnawajua wafanyakazi hewa, majina yapo kwenye orodha ya mishahara ila watu hawapo. Basi ipo na pepa hewa. Wachapishaji huwa wanatoa kiolezo cha kuonyesha namna ya kuandika marejeo, na kwenye kimoja kulikuwa na mfano wa kubuni: Van der Geer na wenzake, mwaka 2000, kuhusu sanaa ya kuandika makala ya kisayansi, jarida na juzuu na kurasa 51 hadi 59, kila kitu. Hiyo pepa haipo. Haijawahi kuwepo, na jarida lenyewe halipo. Ilipokuja kuchunguzwa ilikutwa imetajwa karibu mara 400, nyingi kwenye pepa za mikutano ambapo watu walisahau kufuta mfano.

Mara 400 jamani! Mimi nina 47 na nilichimba mashimo kweli.

Na kuna Ike Antkare, mtu asiyekuwepo, alibuniwa na Cyril Labbé huko Ufaransa mwaka 2010. Akatengenezewa pepa kama 100 na programu ya kuandika upuuzi wenye sura ya kisayansi, zikatajana zenyewe kwa zenyewe, Google Scholar ikazisoma ikampa h ya 94. Kumi na tano kasoro ya mia, halafu hana hata mwili. Samahani, sita kasoro. Hasira zinanivuruga hesabu.

Kitabu cha mawakili

Nikataka kujua nani alianza haya mambo, nikiwa nimejiandaa kumchukia. Ni Eugene Garfield, alikuwa Marekani, mwaka 1955 akaandika kwenye jarida la Science akipendekeza faharasa ya kufuatilia nani anamtaja nani. Toleo lenyewe la faharasa likaanza kutoka miaka ya mwanzo ya 60.

Sasa wazo alilitoa wapi? Kwa mawakili. Tangu 1873 huko Marekani kulikuwa na huduma ya Shepard, wakili kabla hajasimama mahakamani na kesi ya zamani anaifungua kuangalia kesi ile imetajwa wapi baadaye. Na pale, hapa ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti, kila kutajwa kuna alama yake. Hii imefuatwa. Hii imetofautishwa. Hii imetenguliwa. Wakili akienda mahakamani na kesi iliyotenguliwa anaumbuka mbele ya jaji, kwa hiyo kujua kwamba kesi imetajwa mara ngapi hakumsaidii kitu, anachotaka ni imetajwa *vipi*.

Na Garfield alilijua hilo. Moja ya sababu alizotoa mwaka 1955 ilikuwa kuwasaidia watafiti waache kutaja bila kuhoji data za uongo, pungufu au zilizopitwa na wakati. Yaani chombo kilikuja kuzuia kilekile kilichonikuta mimi. Miaka kumi hivi baadaye akaorodhesha sababu 15 za mtu kumtaja mwenzake: kuwaheshimu waanzilishi, kusahihisha kazi yako, kusahihisha ya mwenzako, kukosoa, kupinga.

Sababu 15. Kwenye fomu yangu zote zimeanguka kwenye kiboksi kimoja.

Na impakti fakta nayo ina historia hiyohiyo ya kutumwa dukani ikarudi na kingine. Ilitoka kwenye kazi ya kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa, ikawasaidia na wakutubi kujua walipie lipi. Unachukua saitesheni za mwaka huu kwenda kwa kazi za miaka miwili iliyopita, unagawa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Ni wastani, na wastani tunaujua tabia zake. Jarida la Acta Crystallographica A lilikuwa linazunguka kwenye 2 na ushee, ghafla ya mwaka 2009 ikaruka karibu 50, kwa sababu George Sheldrick mwaka 2008 alichapisha humo pepa kuhusu programu zake za kuchambua fuwele na kila aliyezitumia akawa anaitaja. Waliochapisha humo mwaka uleule kazi zao hazikubadilika hata nukta, ila kwenye fomu wangekuwa wamechapisha kwenye jarida la 50.

Prof

Nikampelekea eksel yangu profesa mmoja pale tunapofanya kazi, mtu mzima, anakaribia kustaafu, ndiye aliyenifundisha kuandika.

"Shikamoo Prof. Hivi wewe ushawahi kuwasoma wanaokutaja?"

"Marahaba. Kijana, mimi wananitaja zaidi ya elfu mbili, nikianza leo nitastaafu sijafika nusu."

Akaishusha ile eksel taratibu, akacheka alipofika kwa yule aliyenitaja kwa kazi ya jirani. Nikamweleza hoja yangu, namba hazina maana, tuzitupe zote. Nikamtajia mwanafizikia Peter Higgs, kwamba baada ya pepa zake za 1964 alichapisha chini ya kumi, idara ikimuuliza orodha ya machapisho mapya anajibu hamna, na mwaka alipopata Nobel, 2013, akasema kwa mfumo wa sasa asingeajiriwa.

"Sasa wewe ni Higgs?"

Nikanyamaza.

"Kabla ya hizi namba," akaendelea, "nilipanda cheo kwa barua. Barua tatu za wakubwa. Unajua wakubwa walikuwa wanawaandikia akina nani? Waliokunywa nao. Mimi h ilinikomboa, usiitukane mbele yangu."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, na bado sina jibu lake. Kuna matamko kuhusu namna ya kupima kazi za watafiti, lile la San Francisco lililoandikwa mwishoni mwa 2012 na lile la Leiden la 2015, yote yanasema someni kazi yenyewe, msimpime mtu kwa jarida alimochapishia. Nakubaliana nayo. Ila nani asome? Kamati ina watu saba, maombi arobaini, na mchana mmoja. Wakishindwa kusoma wanarudi kwenye namba au wanarudi kwenye barua, na Prof alikuwa ananiambia kwa upole kwamba barua nazo zina wenyewe.

Halafu akarudisha laptopu upande wangu.

"Na wewe, hao unaowataja, umewasoma?"

Orodha yangu

Sitaandika yote.

Ile pepa iliyotajwa mara 47 ina marejeo 38. Nilikaa nayo Jumamosi nzima, nikiwa na eksel ileile, safu zilezile. Ya kwanza kunishika ni ile ya Topp na wenzake ya 1980, ambayo kila mtu wa unyevu wa udongo anaitaja, ndiyo yenye mlinganyo wa kubadilisha usomaji wa umeme kuwa kiasi cha maji. Mlinganyo nautumia tangu nikiwa mwanafunzi. Pepa yenyewe sijawahi kuisoma mpaka mwisho. Mlinganyo niliutoa kwenye mwongozo wa kifaa.

Namba 12, nilisoma muhtasari. Namba 15 hadi 19, hizo nilizichukua kifurushi kizima kutoka utangulizi wa mtu mwingine, nakumbuka hata nilivyobadilisha mpangilio wa sentensi ili isifanane. Namba 23 aliisisitiza mhakiki, yule anayeikagua pepa kabla jarida halijaichapisha, ambaye hakujulikana jina ila ukiangalia pepa alizotaka ziongezwe utamjua tu, nikaiweka kazi ipite.

Na namba 17 ina ukurasa ambao haupo. Nimeandika unaanzia 217. Nikaitafuta, unaanzia 271. Nikarudi kwa yule niliyemnakili: 217.

Nikatoka nje nikatembea kidogo.

Mbili tu

Pepa yangu ya saba ina 5, nikumbushe. Ikipata mbili, h inakuwa 7, na miongozo yetu ya kupanda inataka 7. Nina kazi mbili mezani zinakaribia kutumwa. Sentensi moja kwenye kila utangulizi, kifurushi kidogo, mabano, basi. Hakuna ambaye angeuliza. Na pepa yenyewe sio takataka, inahusiana kiasi, kama shemeji wa binamu.

Kwenye ya kwanza nimeitaja. Nimeisoma upya kwanza na nimeandika sentensi inayoitumia kweli, inahusu jinsi ya kusawazisha sensa kabla ya kuzifukia, bila hiyo msomaji atapotea. Kwenye ya pili niliandika sentensi, nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta. Imefutwa kwa sasa. Kazi inatumwa Ijumaa.

Na yule aliyeniweka [31] nilimwandikia. Nilikaa siku tano na ile imeili, nikiogopa kuonekana mgomvi. Nikamwambia ahsante kwa kunitaja, ila naona hitimisho letu limesomeka tofauti, nikamwekea na ile sentensi ya tatu. Alinijibu vizuri mno, akaomba radhi, akasema walilitoa kwenye pepa ya mapitio, akaitaja ni ipi, ni ileile iliyotuandika 2015. Wameomba jarida lirekebishe. Akasema kwa kuwa sentensi yao haiwezi kusimama na pepa yangu, rahisi ni kuniondoa kwenye mabano, je, niko radhi?

Nilijua 47 au 46 haigusi h. Nilijua. Bado nilichukua siku mbili kujibu ndiyo.

Juzi usiku kamlio kakalia tena, mara mbili mfululizo. Mpya mbili. Moja nimeifungua, ni kifurushi, mwaka wameandika 2015. Nyingine imefungwa nyuma ya malipo, na nimemwandikia mwenyewe kuomba nakala.